Mhasibu na Mkaguzi: Nilivyoikamilisha Riwaya Yangu ya Mapenzi ya Ofisini

Aliyeniambia kwamba riwaya ya mapenzi ni kazi nyepesi, kwa kuwa msomaji anajua tangu mwanzo kwamba wawili hao watapatana, bado ninamdai usingizi wa miezi 14 hivi. Ni kweli msomaji anaujua mwisho, na ndiyo maana hakuna pa kujificha: anachokitazama ni njia tu, hatua kwa hatua.

Wahusika wangu ni mhasibu wa kike na mkaguzi wa ndani wa kiume. Niliwachagua kwa sababu uhasama wao hauhitaji kubuniwa: mmoja hufunga hesabu kila mwisho wa mwezi, na mwenzake hulipwa kutafuta makosa ndani yake. Hata hivyo, nilisikiliza ushauri kwamba wasomaji humpenda mwanamume mkorofi, nikamfanya mkaguzi amdhalilishe mhasibu kikaoni, mbele ya wakubwa wote, kwa ajili ya risiti moja iliyopotea. Niliionea fahari sana sura hiyo. Dada yangu aliisoma yote, akanirudishia karatasi na kuuliza kwa upole, "Huyu dada anaacha kazi lini?" Mimi nilidhani nimepanda mbegu ya mapenzi, kumbe yeye alikuwa akisubiri barua ya kujiuzulu. Nilitupa sura 9, na karatasi nilizochapa bure sikutaka hata kuzihesabu.

Katika rasimu ya pili niliwafanya wote wawili kuwa hodari kazini, na mkaguzi anapokosea hesabu hukiri kwa maandishi. Hapo likazuka tatizo la lugha yetu wenyewe, ambayo haimbagui "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. "Alimtazama, akampa faili, akatabasamu." Ni nani aliyetabasamu? Nilipojaribu kurudia majina, mazungumzo ya usiku wa manane yalisomeka kama kumbukumbu za kikao. Suluhisho lilikuwa kuwapa sura kwa zamu, kila mmoja asimulie kwa nafsi ya kwanza, kwa maana "mimi" akishajulikana, "yeye" hana budi kuwa yule mwingine.

Kutokana na hilo nilipata hila ambayo, mtaniwia radhi, ninajivunia kuliko riwaya nzima. Tangu sura ya 1 hadi ya 17 nilijikataza kuwaunganisha wawili hao kwa kiambishi "tu-". Idara iliweza kusema "tumepokea", lakini wao wawili, kamwe. Hata lifti, "nilipanda, naye akapanda". Zipo sentensi nilizoziandika upya mara kumi ili kukikwepa. Kisha katika sura ya 18, usiku wa kufunga hesabu za mwaka, mhasibu anatazama saa na kusema, "Tumechelewa." Mkaguzi, ambaye ndiye msimulizi, anaweka kalamu chini na kushindwa kuendelea kujumlisha. Hakuna busu katika sura hiyo, wala halikuhitajika. Dada yangu alilisoma neno hilo kwa sauti, mara mbili.

Kilichobaki kilikuwa mtafaruku wa kabla ya mwisho. Karibu kila niliyemwomba ushauri alitaka mhasibu amwone mkaguzi akimkumbatia mwanamke ambaye baadaye atagundulika kuwa dada yake. Nimechoshwa na dada hao wanaokumbatiwa hadharani bila kutambulishwa. Jibu lilikuwa ndani ya kazi yenyewe: mkaguzi hapaswi kukagua hesabu za mtu anayempenda, kwa kuwa huo ni mgongano wa maslahi, na analazimika kuutangaza kwa mkuu wake ili kazi ipewe mwingine. Mkaguzi wangu, mtu wa kanuni hadi kwenye kope, anajaza fomu na kuiwasilisha kabla hajamwambia mhasibu neno hata moja. Mhasibu anapata habari kupitia waraka wa kuarifiwa kwamba mkaguzi wake amebadilishwa, na sababu imetajwa.

Sura hiyo niliiandika kwa siku mbili, huku nikicheka peke yangu. Mhasibu halii, wala hafungi virago. Anachukua karatasi, anaandika juu yake "Hoja ya ukaguzi", anauliza kwa nini mhusika mkuu hakuarifiwa kwanza, na kumpa mkaguzi siku 7 za kujibu kwa maandishi.