Ajali haina kinga, ila taili lilikuwa na sabuni

Wiki tatu nimekuwa kimya humu, sababu ni mkono wa kulia. Ningetaipu na wa kushoto lakini wa kushoto mi naujulia kushikia sahani tu.

Sasa ilikuwa hivi. Jumamosi mchana tumeenda watu wanne sehemu moja ya kulia samaki huku Ilemela upande wa ziwani, jina silitaji maana bado tunaongea nao. Tumeagiza sato wa kuchoma na ugali, nikanyanyuka kwenda kunawa. Karibu na sinki binti wa usafi alikuwa ndo ametoka kupiga deki, povu bado linaonekana kwenye kona, hamna kibao, hamna hata kiti cha kuzuia watu, mwenyewe kaitwa jikoni kaacha ndoo na dekio palepale. Hatua ya pili mguu umeenda Musoma, mi nimebaki Mwanza. Nikaangukia kiganja, nikasikia ka! kama muwa unavunjwa.

Meneja akaja mbio na barafu kwenye mfuko, mstaarabu kabisa, akasema "Pole sana kaka yangu, ndo hivyo, ajali haina kinga", na soda nisilipe. Na mi nikamwambia asante. Yaani mkono umevunjika na nimeshukuru!

Jumatatu niko na POP yangu (ile plasta ngumu ya mfupa) nyumbani, klipu hiyo inaingia kwenye simu. Kuna mtu alirekodi (mwanzo mpaka mwisho, hata sijui alijuaje kwamba nitaanguka) na wale jamaa wa pale wakaichukua wakaiweka kwenye ukurasa wao wa biashara, muziki juu, maneno chini: "Sato wetu mtamu mpaka miguu inagoma". Hapo na mi nilicheka, siwezi kuwadanganya. Ila mteja wangu mmoja alinipigia kuuliza kama nilikuwa nimelewa, saa saba mchana, hapo kicheko kikakata.

Kuna dada rafiki yetu amesoma sheria pale chuo cha SAUT Malimbe, ndo alinibadilisha akili. Hakuuliza kama nimeumia sana. Aliuliza nani alipiga deki, muda gani, na je mtu mwenye akili ya kawaida angejua kwamba mteja atapita pale na mikono yake anataka kunawa? Nikasema si ndo penyewe pa kunawia. Akasema basi hiyo siyo ajali, huo ni uzembe, na uzembe una mwenyewe.

Akanipa stori ya konokono, na wengi waliosoma sheria wanaijua. Mwaka 1928 huko Paisley, Scotland, mama mmoja kanunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake, chupa nyeusi huoni ndani, kanywa, wanamimina iliyobaki wanasema limetoka konokono limeoza. Yeye hakununua, kwa hiyo hana mkataba na mwenye duka wala kiwanda, kwa zamani ilikuwa imeisha hapo. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu London na mwaka 1932 majaji wakasema mtengenezaji anao wajibu kwa yule atakayekunywa hata kama hawajuani. Jaji mmoja, Lord Atkin, aliegemea lile swali la kwenye Biblia, jirani yangu ni nani, akalijibu kisheria: ni yule ambaye ukitumia akili unaona kabisa kitendo chako kitamgusa. Sheria yetu ya madhara, ile ya kumfidia uliyemuumiza, kwa sehemu kubwa tumeirithi kwa Mwingereza, so yule konokono anatembea mpaka kwenye mahakama zetu.

Tangu siku hiyo, ile methali ya ajali haina kinga inaniwasha. Jirani yangu fundi seremala aligongwa na bodaboda mwaka jana pale Buzuruga, dereva akapelekwa polisi, akalipa faini, watu wakaona haki imetendeka. Faini imeenda serikalini! Fundi kapewa elfu thelathini na pole. Hakuna aliyemwambia kwamba kesi ya polisi ni kitu kingine na fidia yake ni kitu kingine, kwamba ile bima ndogo inayolazimishwa kisheria kazi yake ni kumlipa mtu kama yeye, na kwamba ana miaka 3 ya kufungua madai, ikipita imepita. Na ukipita Igoma kwenye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, au ukikumbuka MV Nyerere kule Ukara mwaka 2018, kivuko cha watu 101 na waliokufa wakazidi 220, hebu jaribu kusema ajali haina kinga kwa sauti. Mi siwezi.

Klipu ni habari nyingine. Siku hizi kila mtu ni kontenti, wanamwagia watu maji sokoni wanasema prenki, kumbe kumgusa mtu bila ridhaa yake ni kosa hata ukicheka. Nairobi mwaka 2023 lounge moja ilipigwa faini zaidi ya shilingi milioni moja na laki nane za Kenya kwa kuposti sura ya mteja bila kumuuliza. Na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, sura yako ni taarifa yako, kuitumia kuuzia sato bila ruhusa inakuwa shida.

Sasa tusidanganyane, na mi nina langu. Nilivaa ndala zimelika kisigino mpaka zinang'aa na nilikuwa nasoma meseji. Yule dada akasema hayo yakifika mahakamani jaji anakata, kama robo ya kosa ni yako na fidia inapungua robo. Ndala nimezificha chini ya kitanda.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tarehe, povu, ndoo, risiti za hospitali, siku nilizokosa kazi, na klipu itoke. Klipu ilitoka siku hiyohiyo. Risiti wamelipa zote, za siku za kazi bado wanavutana na mimi. Juzi nimepita, karibu na sinki kuna zulia la mpira na kibao cha boksi kimeandikwa kwa maka peni SAKAFU IMELOWA, na sakafu yenyewe ilikuwa kavu.

Ila kuna stika watu walitengeneza kutoka kwenye ile klipu, hiyo haijafa. Jana kwenye grupu la familia mama ameituma, ile nimenyanyua miguu yote juu, kaandika "asubuhi njema wanangu". Hajanitambua. Sijamwambia.