Tumbo la Jumatatu

Mwisho wa mwezi, saa nne usiku. Nimefunga mahesabu ya duka na kalamu bado iko mkononi, basi niandike na hili ambalo nimeliahirisha muda mrefu.

Wanaonisoma siku zote wanajua nina duka la dawa muhimu, lile la ukubwa wa chumba kimoja, lenye kaunta, benchi la wateja na feni inayolalamika mchana kutwa. Daftari langu la mauzo lina kurasa za nyuma nilizoziandika "Nyumbani". Huko naandika kila dawa ninayochukua kwa ajili ya familia, maana mwenye duka asiyeandika vyake hufilisika huku akimtuhumu msichana wa dukani. Agosti mwaka jana nilikuwa najumlisha kurasa hizo nikaona jina moja limejaa. Babu, dawa ya minyoo. Babu, dawa ya asidi. Babu, Panadol. Babu, dawa ya asidi tena.

Babu ni mwanangu wa pili. Amerithi jina la baba yangu, ndiyo maana hapa nyumbani hata mdogo wake humwita Babu. Wakati huo alikuwa na miaka 14, kidato cha pili.

Wingi wa dawa haukunishtua sana, watoto wanaumwa. Kilichonishtua ni tarehe. Nilichukua kalenda ya ukutani nikaanza kulinganisha. Jumapili. Jumatano. Jumapili. Jumapili. Jumatano. Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, hakuna hata mstari mmoja. Nikajiuliza, minyoo gani hii inayojua likizo? Nikaenda kusoma ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba chao. Kiingereza, Jumatatu na Alhamisi, vipindi viwili mfululizo, asubuhi.

Na hapo tulishazunguka. Kituo cha kwanza walisema taifodi, cha pili wakasema UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Hapa mjini hizo mbili ndizo majina ya kila ugonjwa uliokosa jina. Kipimo cha taifodi kilikuwa Widal, nami najua fika kwamba Widal husoma kinga ambazo mwili uliwahi kutengeneza, kwa hiyo aliyeugua zamani anaweza kuonekana anaumwa leo. Wateja nimewaeleza hilo mara ngapi! Ila mtoto akiwa wako, elimu unaiacha kaunta. Alimeza dawa siku 7, tumbo likatulia, Jumapili ikafika.

Mara ya kwanza nilimuuliza vibaya. Nilimsimamisha sebuleni, baba yake akiwepo, nikasema, "Kwani huko shule unaogopa nini?" Akajibu, "Siogopi kitu," akaingia chumbani na kubamiza mlango. Baba yake akasema anadeka. Wifi yangu, ambaye ana neno kwa kila jambo, akasema huyo aandikiwe kombe, zile aya za Kurani zinazooshwa kwa maji yakanywewa. Sikukataa. Alikunywa kombe, akasomewa, na nadhani zile aya zilimtuliza usiku ule kuliko vidonge vyangu vyote. Lakini Alhamisi ilikuwa palepale.

Maneno yalitoka siku tukiwa dukani tunahesabu vidonge na kuvitia kwenye vibahasha, yeye huku, mimi huku, macho yote mezani. Nimegundua mtoto wa kiume wa umri ule hasemi ukimtazama usoni. Akaanza mwenyewe. Shule ya msingi alikuwa wa tatu au wa nne darasani, na masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Wiki za mwanzo akasimamishwa asome kwa sauti, akakutana na neno island, akaitamka ile s isiyotamkwa. Darasa likaanguka kwa kicheko, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo. Tangu siku hiyo, mwalimu akianza kuita majina, moyo unadunda mpaka anausikia masikioni, vidole vinakufa ganzi, tumbo linasokota, anaona kama ataanguka.

"Sasa mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba naogopa kusoma?"

Nikakumbuka bweni letu enzi zangu, wasichana walivyokuwa wakianguka mitihani ikikaribia, nasi tukiletewa mashehe na wachungaji kwa zamu. Na kabla yetu kuna kisa cha Kashasha, huko Kagera, mwaka 1962. Wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wanafunzi walikuwa 159, waliopatwa ni 95, walimu hata mmoja hakupatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Watu hukisimulia kama kichekesho. Mimi siku hizi nikikisikia naona shule nzima ya matumbo ya Jumatatu.

Hospitali ya rufaa tulikwenda wiki mbili baadaye. Babu alipoona kibao cha kliniki ya afya ya akili alisimama getini kabisa. "Mama, mimi sio chizi." Sikumlaumu. Sisi tuliokulia nchi hii, Mirembe si hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma tu, ni tusi tulilotukanana tangu utotoni. Nilimwambia sisi hatujaja kutafuta chizi, tumekuja kuuliza kuhusu tumbo. Ulikuwa uongo wa nusu.

Mwanasaikolojia alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotarajia. Kwanza alihakikisha daktari amempima damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyozidi kasi navyo huupeleka moyo mbio. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza. Ni vitu gani Babu amekuwa akiviacha? Tukaanza kuhesabu. Ameacha mpira wa Jumamosi. Ameacha kula shuleni. Ameacha kutumia choo cha shule, anajibana mpaka arudi nyumbani. Ameacha kwenda dukani kwa Mpemba kama kuna foleni. Kila mtu huogopa, dada akasema, ila hofu ya kawaida humwacha mtu aendelee na maisha yake. Hii imekuwa ikimnyang'anya kimoja kimoja kwa miezi, nasi tunasema amekuwa mkimya, amekuwa na kiburi, amekua.

Akamchorea mwili kwenye karatasi. Ubongo ukihisi hatari, mwili hujiandaa kukimbia. Moyo unasukuma damu kwenye misuli, tumbo linanyimwa, ndiyo maana linasokota. Pumzi za haraka haraka hupunguza hewa ya ukaa kwenye damu, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Babu aliikodolea macho ile karatasi. Kumbe hafi. Kumbe haumwi kitu kisichojulikana. Nadhani hiyo peke yake ilimtua mzigo.

Halafu, mbele yangu, bila kuzunguka, akamuuliza kama amewahi kutamani kufa. Nusura ninyanyuke nimzibe mdomo. Babu akafikiri, akasema, "Hapana. Ila huwa natamani Jumatatu isiwepo." Baadaye dada alinieleza kwamba swali hilo halimtii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Linamfungulia mlango aliye nalo. Na akijibu ndiyo, hilo si la kusubiri miadi, ni la kwenda naye hospitali siku hiyohiyo, na dawa zote nyumbani kufungiwa. Kwa mwenye duka la dawa kama mimi, hilo la mwisho lilinikaa kooni.

Sasa nifike panaponiuma. Aliuliza, "Siku tumbo linapozidi, nani humruhusu kubaki nyumbani?"

Mimi. Nani mwingine. Nilikuwa nikimpikia uji, namfunika shuka, ikifika saa tatu asubuhi mtoto ni mzima, anacheka na simu. Nikijiona mama mwenye huruma. Dada akaniambia, kwa adabu, kwamba kila Jumatatu aliyobaki nyumbani ilimfundisha Babu jambo moja tu, kwamba amepona kwa sababu hakwenda. Hofu ikapata ushahidi, ikarudi Alhamisi ikiwa imenenepa. Baba yake kwa ukali wake na mimi kwa uji wangu, sote wawili tulikuwa tunailisha.

Kinyume chake si kumsukuma tu aende. Hapo ndipo nilipomkatiza baba yake aliyekwisha kufurahi. Ni kupanda ngazi, kila kipandio kiwe cha kuogopesha kidogo tu, na kukaa hapo mpaka moyo ushuke wenyewe. Babu alianza kumsomea Kiingereza mdogo wake wa miaka 6, ambaye hajui kosa wala sahihi. Kisha mimi. Kisha dukani, akisoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa kwa sauti huku wateja wapo kwenye benchi. Mzee mmoja mstaafu alimsahihisha neno, Babu akabadilika rangi, lakini hakukimbia. Usiku akaniambia, "Nilidhani ningeanguka." Kwa pumzi tulipata njia yetu, anapuliza taratibu kama anapooza uji, kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza.

Kwa mwalimu wa Kiingereza nilikwenda nimejiandaa kugombana. Nilimkuta kijana mwenye marundo manne ya daftari za kusahihisha mbele yake, darasa la watoto zaidi ya 60, akanisikiliza akasema, "Mama, nilijua ana kiburi, kwa sababu nikimwita anatazama chini." Tukakubaliana amwambie siku moja kabla ni aya ipi atasoma, na iwe fupi. Nilipotoka nilitamani kuyameza maneno niliyomsema nikiwa njiani.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na hofu ni miongoni mwa yale ya kawaida zaidi. Darasani kwa Babu hao ni wanane au tisa. Nami nawaona kaunta. Binti wa sare anayenunua Piriton kila wiki na hana mafua, anataka usingizi. Mvulana anayetaka dawa ya kuharisha kila ukikaribia mtihani. Zamani niliuza nikarudisha chenji. Sasa nauliza, polepole, mikono yangu ikiwa kwenye vibahasha, "Na huwa linaanza siku gani?" Wengine huondoka. Wengine hukaa kwenye benchi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto, ambayo ni ya bure, nimeiandika kwa maka peni karibu na bei ya pamba.

Nyumbani tuna lugha mpya. Babu akishika tumbo namuuliza, "La chakula au la Jumatatu?" Hata baba yake anauliza hivyo. Juzi juzi, bila kuulizwa na mtu, alitusimulia jinsi alivyotapika nje ya ofisi siku ya usaili wake wa kwanza, akaghairi kuingia, akatudanganya sote kwamba nafasi zilijaa. Miaka 17 nimeishi naye na sikuwa na habari.

Alhamisi iliyopita nilifungua duka saa mbili nikamkuta Babu amekaa kwenye benchi la nje, begi mapajani. Alipanda daladala, akashuka kituo cha pili, akarudi kwa miguu. Sikuuliza kwa nini. Nilifagia, nikawasha feni, nikapanga dawa za kikohozi. Akawa anapuliza uji usiokuwepo. Kitambo kikapita, akasema, "Cha kwanza kimeshapita. Nawahi cha pili."

Nilimpa nauli nyingine. Nimeiona leo nikifunga hesabu, kwenye kurasa za nyuma, kwa mwandiko wangu wa haraka: Babu, nauli, mara mbili.