Gauni limerudi dukani linanukia udi

Habari zenu wana ughaibuni. Kwa wasionijua, mie ni mbeba boksi huku Uingereza, ila boksi zangu zinakuja kinyumenyume. Wenzangu wanafunga mizigo inayokwenda kwa wateja, mie nafungua ile inayorudi. Ghala lipo upande wa Northampton, shifti inaanza saa kumi na mbili asubuhi, unasimama kwenye meza ndefu na skana yako na kila kifurushi una kama dakika mbili tu uamue hiki kinarudi kuuzwa kama kipya, hiki kinapigwa bei ya chini, hiki hakifai kabisa. Mwaka wa nne huu. Nshakutana na viatu vilivyokwisha soli vimetiwa kwenye boksi la viatu vipya, suruali ina tikiti ya treni mfukoni, na siku moja boksi la simu ndani mna kipande cha sabuni kina uzito ule ule wa simu, yaani yule mtu alikaa na mizani akaipima akaikata, nikasema huyu angepewa kazi ya maana angefika mbali. Na wote sababu yao ni moja, wameweka alama kwenye kijikaratasi: haikunitosha.

Basi Jumanne moja mwezi wa tisa nafungua mfuko, gauni refu la kijani lina shanga kifuani, tagi ipo, uzi wake haujakatwa, limekunjwa vizuri kabisa. Kulinyanyua tu harufu ikanipiga. Udi. Na sizungumzii ule udi wa chupa unaouzwa kila mahali siku hizi, hapana, udi wa chetezo, ule wa kutia sukari, uliofukizwa nguo ikatundikwa juu yake mpaka ikakolea. Mwenzangu wa meza ya pili, mama wa Kipolandi, akavuta pua akasema hili lilikuwa karibu na moto wa kuchoma nyama. Nikasema labda. Nikalishika lile gauni nikabaki nalo kama mtu aliyekutana na jirani yake wa utotoni kwenye foleni ya uhamiaji. Jina la mteja sisi hatulioni, tunaona namba tu, lakini sikuhitaji jina, nilijua ni mtu wetu, harusi ilikuwa Jumamosi, Jumapili kalala, Jumatatu kalipeleka posta.

Sasa kabla hamjanirukia kwamba namsema mwanamke wa watu, nianze na mie mwenyewe.

Mwaka 2016 binamu yangu alioa Leicester. Sina suti, na pesa ya suti sina, nilikuwa nafanya kazi ya usafi masaa ambayo leo unaitwa kesho huitwi. Jamaa mmoja tunakaa nae nyumba moja akanambia wewe mjinga nini, nenda duka lile kubwa la mjini, chukua suti, tagi iingize ndani ya mkono usiikate, vaa, Jumatatu rudisha, huku si kwetu, hawaulizi. Kwetu unajua tena, ukutani pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, na hata pasipoandikwa ukirudi na shati sokoni Darajani, Zanzibar, muuzaji anakuangalia kama umekuja kuomba mkono wa binti yake. Nikachukua suti ya pauni 140, karibu nusu ya kodi yangu ya chumba.

Sikufurahi ile harusi hata kidogo. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii sikuazimwa hata, mwenyewe hajui kama kaazimisha. Biriani nimelila kwa kijiko mkono umenyooka kama roboti ili mchuzi usinifikie, kwenye kucheza nimesimama pembeni naogopa jasho, tagi inanikwaruza kwapani kila nikipiga makofi. Jumatatu nikaenda dukani. Binti wa kaunta akaniuliza kuna tatizo gani, nikasema haikunikaa mabegani. Akaikagua, akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa halua. Kipande cha halua kimefungwa kwenye tishu, nilikiweka nimpelekee yule yule jamaa wa nyumbani. Akaniwekea kwenye kaunta taratibu, akasema nadhani hii ni yako, afu akanirudishia pesa yote pauni 140 akanambia siku njema.

Bora angenifukuza wallahi.

Nimekuwa nikibishana na watu juu ya hili kwenye grupu letu la WhatsApp miaka sasa, na hoja zao si za kipuuzi msidhani. Wanasema kampuni hizi kubwa zishapiga hesabu, ritani, yaani vitu vinavyorudishwa, ipo ndani ya bei, na wao wenyewe waongo, ile "ilikuwa pauni 90 sasa 45" nani aliwahi kuiona kwa 90? Na kwamba wanatulipa mishahara ya kima cha chini wakati wanatutoa roho maghalani, sasa tukivaa gauni usiku mmoja ndo tumekuwa wezi. Hapo mie huwa nanyamaza kidogo maana kuna ukweli ndani yake.

Lakini pia tusichanganye mambo. Kununua saizi tatu kwenye simu ukajaribu ukarudisha mbili hakuna ubaya wowote, sheria ya huku inakupa siku 14 tangu kitu kikufikie kama umenunua mtandaoni, unasema tu sikitaki, husemi kwa nini. Kikiwa kibovu una siku 30 kukikataa na kudai pesa yako yote. Ila ukinunua dukani kwa miguu yako na kitu kizima, sheria haimlazimishi mwenye duka kukipokea kwa sababu tu umebadili mawazo, wengi hawalijui hili, wanadhani ni haki yao. Ni hisani ya duka, wamejipangia wenyewe siku zao. Na hata hizo siku 14 za mtandaoni ni za kukiangalia kitu kama ungekiangalia dukani, si za kwenda nacho harusini, ukikitumia zaidi ya hapo wana haki ya kukukata sehemu ya pesa yako.

Na ofa nazo vile vile. Wenyeji wakongwe wa huku hawasahau mkasa wa Hoover, kampuni ya mashine za kufyonza vumbi, wa mwaka 1992. Kampuni ilitangaza ukinunua bidhaa zao za pauni 100 unapata tikiti mbili za ndege bure kwenda Ulaya, afu wakapanda mpaka Marekani, New York au Orlando. Tikiti peke yake inazidi bei ya mashine! Watu wakanunua mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji kabisa, maana walikuwa wananunua tikiti, mashine ni nyongeza. Kampuni ilitegemea watu watachoka na makaratasi njiani, wasichoke, ikaingia hasara kama ya pauni milioni 50, wakubwa wakafukuzwa, kesi zikaenda miaka, na jamaa mmoja kule Cumbria alilizuia gari la fundi wao nyumbani kwake mpaka apewe tikiti zake. Mie hao siwaoni na kosa. Maneno waliandika wenyewe Hoover, mteja kasoma kafuata. Hata mie nshahama benki mara tatu kwa ajili ya zile pauni 150 wanazokupa ukihamia kwao, na sioni haya, wameita wenyewe nikaja.

Ila bibi yangu, Mungu ampe umri, yupo Wete kule Pemba, pizza hajaionja toka azaliwe, na huku Uingereza alikuwa na akaunti tatu za chakula cha kuletewa mlangoni, kila moja imekula punguzo la pauni 10 la "mteja mpya". Hapo sikusoma ofa nikaifuata, hapo nimesema uongo, na nimemsingizia mtu mzima ambae akijua ataniuliza mjukuu wangu kwani huko hamli?

Kwangu mie mpaka umepita hapo hapo. Chuoni, yaani madrasa, tulisomeshwa hadithi ya Mtume sallallahu alayhi wasallam alivyopita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani vidole vikakuta umajimaji, akamuuliza mwenye mali kwa nini hukuuweka juu watu wauone. Siku zote tukidhani hadithi ile inamhusu muuzaji. Mie nimefika Northampton ndo nimeona mnunuzi nae anaweza kuficha umajimaji chini, anakunja gauni upande wa jasho kwa ndani. Na mie ndo mkono unaoingia kwenye rundo, saa mia moja na sitini kwa mwezi.

Mtu akisema kampuni haiumii namwambia njoo usimame na mie shifti moja. Gauni likipita kwangu kama jipya linakwenda kwa dada mwingine aliyelipa bei kamili, analifungua kwake linanukia shughuli ya watu asiowajua. Lisipopita, kama halikurudishwa kwa aliyelileta, linapangwa kwenye chaga ya mbao ya mizigo na mengine mia, linauzwa kwa fungu, na sitoshangaa likafika Kariakoo au Gikomba ndani ya bunda la mtumba kabla mie sijapata likizo ya kwenda nyumbani. Na hisani nayo inapungua, duka la nguo la Zara mwaka 2022 walianza kukata pauni 1.95 ukirudisha kwa posta, na kule Marekani duka la nguo na viatu la L.L.Bean walikuwa wanapokea kitu hata kiwe cha miaka ishirini, watu wakawa wanaokota viatu vyao kwenye vitu vya mitumba wanavirudisha kudai vipya, Februari 2018 wakafunga mlango, mwisho mwaka mmoja na risiti. Sasa analipa hata yule ambae kweli hakikumtosha.

Afu kuna hili letu wageni, nalisema kwa vijana wapya maana mie hakuna aliyenambia. Sheria ya udanganyifu ya huku ya 2006 haibagui benki wala gauni, kusema uongo makusudi ili upate faida ni kosa. Mwingereza akikamatwa na mchezo huu kaaibika kidogo basi. Wewe unayesubiri uraia kuna fomu inakuuliza juu ya tabia njema, hata onyo la polisi unalitaja humo. Umekaa miaka yote hiyo, umelipa ada za viza ambazo ungenunua kiwanja Kibaha, afu unaulizwa habari ya suti. Si kwamba ndo sababu ya kuacha, sababu ya kuacha ni halua ile pale kaunta, lakini pia tusiwe wajinga.

Haya, lile gauni. Kwenye skana kuna kitufe cha "harufu". Ukikibonyeza rifandi, yaani pesa anayorudishiwa mteja, inazuiwa na gauni linarudishwa kwa aliyelileta. Nikalitundika kwanza, nikafungua vifurushi viwili vitatu vingine jicho lipo kwake. Nikimfikiria. Huenda ni binti wa kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, kaambiwa sare ya harusi ni kijani, pauni 65 hana za kumwaga kwa usiku mmoja, na asipokwenda watamsema mwaka mzima. Yule wa sabuni nilimbonyezea bila kupepesa, huyu mkono ukawa mzito. Nikajiambia kama ningekuwa nimejaliwa kumuona ningemwambia dada, kwetu watu walikuwa wanaazimana magauni mtaa mzima na hakuna aliyekufa, hapa mji mmoja mna wanawake wetu thelathini na kila mmoja ana begi la magauni ya kijani juu ya kabati.

Nikabonyeza. Sikujisikia shujaa, nilijisikia kama mtu aliyemsemea ndugu yake kwa mwalimu. Kijikaratasi cha sababu kikatoka kwenye printa, nikakibandika, gauni likaenda.

Nikadhani yameisha. Saa nane na nusu mchana nimefika nyumbani, nimechoka, mke wangu ananipokea mlangoni, akasita. Akasogea shingoni kwangu akanusa. Akarudi nyuma akaniangalia toka viatu mpaka kichwani. Mume katoka ghalani kubeba boksi, sweta lake linanukia udi wa kutia sukari, udi wa bibi harusi.

"Huu udi wa nani?"

Nikaanza kumuelezea, gauni, kijani, ritani, mteja mwenyewe simjui jina naona namba tu. Nikasikia na mie mwenyewe inavyosikika.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe sababu yako ni haikunitosha?"

Chakula nilipewa. Lakini sweta mpaka leo nalifua mwenyewe.