Mbukwa kwa watu watatu

Chai ya pili hii, na swali la yule mama bado linanizunguka.

Jumatano nilipita soko la Majengo, hapa Dodoma, kutafuta mlenda mkavu. Kina mama watatu walikuwa wamekaa kwenye gunia moja, mafungu mbele yao. Mkubwa wao alikuwa akichambua mlenda, vijiti anavitoa kwa kucha na kuvitupa pembeni bila hata kuvitazama. Nikashusha kikapu, nikaita kwa sauti salamu ya Cigogo, lugha ya Wagogo wa huku: "Mbukwa!"

Kimya. Kisha yule mkubwa, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mama, kati yetu watatu umemsalimia nani?"

Wenzake wakacheka. Nikachukua fungu la kwanza lililokuwa karibu, nikalipa, nikaondoka.

Umemsalimia nani. Nimelisikia nikiosha vyombo, nimelisikia kwenye kikao cha bajeti, na mwanangu Zuhura alipopiga simu kwamba amejifungua salama, mtoto wa kiume, nikalisikia tena. Na mbukwenyi naijua! Iko kwenye daftari langu la jalada jekundu tangu Januari: mbukwa ya mmoja, mbukwenyi ya wengi, kama sisi tunavyosema njoo na njooni. Lakini miaka 54 ya Kiswahili cha Pangani imejaa mdomoni, neno geni likipita humo linapotea njia. Nililia kidogo kwenye bajaji. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jana usiku, nikiupepeta mlenda wenyewe, ndipo nikakumbuka kwamba hakunitajia bei. Tangu nihamie huku 2017 kila nikijaribu Cigogo sokoni najibiwa bei, kwa Kiswahili, basi. Huyu alinisahihisha. Alinitazama akingoja nijibu, na mimi nikakimbia!

Leo asubuhi nimerudi. "Mbukwenyi!" Wakaitikia wote watatu kwa pamoja, halafu mkubwa akaniporomoshea Cigogo kirefu nikaambulia neno moja tu, ilende, ndio mlenda. Nikalirudia. Akalitamka tena polepole, nami nikalirudia tena, mpaka akatikisa kichwa kukubali. Nina furaha mno. Nikienda Mvumi kumpongeza mkwe mwenzangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, angalau tutaanzia kwenye mboga.

Maji yenyewe hayajatoka tangu Jumanne. Nimegonga tenki, linalia tupu mpaka chini, na Zuhura analetwa na kichanga Jumapili.