Farasi si punda: nilivyomzoesha farasi mwitu wa Nevada

Mimi ni mtu wa Lamu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kwetu mtoto huzoea punda kabla hajajua kusoma. Marehemu baba alikuwa na punda watatu wa kubebea mchanga na mawe ya ujenzi kutoka gatini, na tangu niko darasa la tatu kazi ya kuwanywesha maji na kuwatia shogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, ilikuwa yangu. Kwa hiyo nilipohamia Nevada kwa kazi ya ghala, nikasikia kwamba serikali ya Marekani inatoa farasi mwitu kwa dola 125 tu, nilijiona nimeshahitimu. Mama nilipompigia simu kumweleza aliuliza swali moja: "Atabeba nini?" Nikamwambia habebi kitu, ni wa kufuga tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Pesa ni zako."

Kwanza nieleze farasi hawa wanatoka wapi. Magharibi ya Marekani kuna nyika kavu kubwa mno, mali ya serikali kuu, na humo wanaishi farasi waliotokana na wale walioletwa na Wahispania na wengine waliotoroka au kuachwa na wafugaji. Nevada ndiyo yenye wengi kuliko jimbo lolote. Zamani watu waliwawinda kwa malori na ndege, wakawauza viwandani wakawe chakula cha mbwa na paka. Mwaka 1950 mama mmoja wa huku Reno, Velma Johnston, aliyekuwa katibu muhtasi ofisini, alikuwa barabarani akaona lori mbele yake linadondosha damu. Alilifuata. Ndani mlikuwa na farasi wanaopelekwa machinjioni. Hakulala tena: aliandika barua, akahutubia mikutano, akawaingiza watoto wa shule nao wakaandika barua kwa maelfu. Mwaka 1959 ikapita sheria ya kupiga marufuku uwindaji ule wa magari na ndege, na mwaka 1971 Rais Nixon akatia saini sheria ya kuwalinda kabisa, farasi na punda mwitu pamoja.

Ulinzi ukaleta shida ya pili. Wanyama wa kuwala ni wachache, na kundi likiachwa linaweza kuwa mara mbili kwa miaka minne au mitano, huku majani na maji ni yale yale. Basi serikali huwaswaga kwa helikopta mpaka mazizini, na wanaokaa kwenye mazizi na mashamba ya kulipiwa ni zaidi ya 60,000. Helikopta hizo zinagombanisha watu sana huku, na ugomvi huo leo siuingilii. Ninachojua ni kwamba ukimchukua mmoja, umepunguza mmoja.

Masharti si mengi ila ni makali. Zizi lisipungue futi za mraba 400 kwa farasi mmoja. Uzio wa farasi mkubwa asiyezoea watu uwe na urefu wa futi sita. Awe na kivuli na maji. Trela liwe la wazi ndani, imara, lenye paa. Mwaka mzima wa kwanza farasi si wako, ni wa serikali. Unamtunza, halafu daktari wa mifugo au mtu mwingine anayekubalika anatia saini kwamba anaishi vizuri, ndipo unapewa hati. Kuna njia rahisi zaidi: gerezani Carson City wafungwa hufundisha farasi hawa kwa miezi kadhaa, kisha wanapigwa mnada wakiwa tayari wanapandwa. Sikuitaka njia hiyo. Mtoto wa mwenye punda anunue mnyama aliyefundishwa na mtu mwingine?

Nilimchagua kwenye mazizi ya Palomino Valley, kaskazini ya Sparks. Umri miaka mitatu, ameshahasiwa, ametoka bonde la Stone Cabin mashariki ya Tonopah, mahali panapojulikana kwa farasi wa rangi ya kijivu. Shingoni upande wa kushoto alikuwa na alama za pembepembe, kama maandishi ya watu wa sayari nyingine. Zinapigwa kwa chuma kilichopoozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, na nywele zikiota tena hutoka nyeupe. Anayejua kuzisoma ataona mwaka aliozaliwa na namba yake. Tulipomshusha kwenye trela alisimama katikati ya zizi, shingo ameiinua juu na mbele, kwa dharau. Omo ya mtepe, lile jahazi la kale la mbao zilizoshonwa kwa kamba, ilivyochorwa kwenye picha za zamani za Lamu ni hivyo hivyo, shingo ya ngamia. Nikamwita Mtepe.

Siku tatu za kwanza nilimpa nyasi na maji nikamwacha. Siku ya nne nikafanya kama baba.

Punda wa Lamu akikataa kushikwa, unamsukumiza pembeni penye ukuta, unamshika sikio au shingo, naye anaganda. Atakasirika, lakini anaganda. Punda akiogopa kwanza husimama afikirie, na watu humwita mkaidi kwa sababu hiyo. Farasi hana breki hiyo. Nilimbana kwenye kona huku mikono nimeitanua, na kabla sijamaliza hatua ya tatu alikuwa ameshapaa. Kifua kiligonga mabomba ya uzio, kwato za mbele zikapita juu ya bomba la mwisho, uzio ukapinda ukanipiga bega nikaanguka kwenye kinyesi. Zile futi sita nilizokuwa nimezilalamikia bei ndizo zilizomzuia asiwe barabarani muda huo. Alirudi chini, akakimbilia upande wa pili, anatetemeka, mguu wa mbele unachuruzika damu.

Na hapo ndipo palipouma kuliko bega. Kidonda nakiona, dawa ninayo mkononi, na siwezi kumkaribia hata hatua kumi. Hata daktari angekuja asingeweza kumgusa. Nikabaki nje ya uzio kutazama damu ikikauka yenyewe.

Jirani yangu ni mzee aliyekula chumvi nyingi kwenye maranchi. Alisikia ule mshindo akaja. Hakunilaumu. Aliegemea mabomba karibu nusu saa, akanitazama ninavyoingia zizini na kutoka, kisha akauliza: "Ukimsogelea, huwa unaondoka lini?"

Nikamwambia siondoki mpaka akimbie.

"Basi umemfundisha kukimbia."

Ilinichukua usiku mzima kuielewa. Farasi anajifunza pale shinikizo linapoondoka. Mimi kumsogelea ni shinikizo. Akikimbia nami nikakata tamaa nikarudi nyuma, amepata jibu: kukimbia kunamwondoa mtu. Nikimsogelea, akasimama, akanigeuzia uso na kunitazama kwa macho yote mawili, nami papo hapo nikageuka nikaenda zangu, amepata jibu jingine. Shughuli yote imo kwenye ile nukta ya kuondoka, na ukichelewa nusu dakika umefundisha kitu usichokikusudia.

Kwa hiyo nikaanza upya. Asubuhi kabla ya zamu na jioni baada ya zamu niliingia na ndoo, nikaigeuza, nikaikalia. Sikumtazama machoni. Nilikunywa kahawa nikazungumza, kwa Kiamu, lahaja ya kwetu Lamu, maana ndiyo lugha ninayoijua kuongea na mnyama. Nikisimama nilikwenda kwa kupinda, si moja kwa moja. Sikio lake moja likinigeukia, narudi nyuma. Kichwa kikigeuka, narudi nyuma zaidi. Kulikuwa na siku sikupata hatua hata moja. Siku ya nane alilamba midomo, akatafuna hewa kama mtu anayeonja kitu, akashusha pumzi ndefu. Mzee alikuwa ameniambia niingoje dalili hiyo: woga unaachia.

Siku ya kumi na moja nilitumia mwanzi mrefu wa kama mita tatu. Niliunyoosha polepole mpaka ncha ikamgusa pale shingo inapokutana na mgongo. Ngozi yote ya bega ilitikisika kama inafukuza nzi. Nikatuliza mkono, maana ukiutoa wakati anatetemeka umemlipa kwa kutetemeka. Ngozi ikatulia. Nikautoa. Tena. Tena. Mara ya sita au ya saba nikaanza kumkuna kwa ile ncha, mahali ambapo farasi wenyewe kwa wenyewe hukunana kwa meno, na mdomo wake wa juu ukarefuka, ukapinda upande, unachezacheza wenyewe. Sura ya kipumbavu kabisa. Nilicheka kwa sauti akakimbia, nikajilaani.

Kuanzia hapo nikawa nafupisha mwanzi, kiganja kwa kiganja, mpaka siku ya kumi na sita nilipojikuta nimeshika manyoya. Yalikuwa mazito ya majira ya baridi, yananata vumbi na chumvi, na chini yake kuna joto ambalo sikulitarajia. Nilikaa hivyo kwa muda wa pumzi tatu za kwake. Halafu nikaondoka, na ilikuwa vigumu kuondoka.

Nilidhani nimemaliza. Kesho yake nikapita upande wa kulia, akaruka kama hajapata kuniona maishani. Kumbe kila ulichofundisha kwa jicho la kushoto lazima ukifundishe tena kwa la kulia, karibu kama farasi wa pili. Hili punda hawakunifundisha, au walinifundisha sikuwa nasikiliza. Nikarudi kwenye mwanzi.

Mengine yalikwenda mbiombio. Hatamu ya kamba aliivaa wiki ya nne. Karoti alizitema; farasi wa nyikani hajui kwamba karoti ni chakula, na tufaha la kwanza alilikanyaga. Mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo ulinirudisha nyuma siku tatu, kisha nikaufunga kwenye kijiti nikamzoesha nao kwa mtindo ule ule: uje, atulie, uende.

Kuna jambo moja lilitokea kwa bahati. Kiamu "njoo" tunasema "ndoo". Mimi nilikuwa namwita "ndoo, ndoo", na kila nikimwita nimeshika ndoo, kwa kuwa ndani mna nyasi zilizokatwakatwa. Hadi leo sijui Mtepe anaitika neno lipi kati ya mawili hayo. Mke wangu ni mtu wa Tanga, naye anashikilia kwamba farasi anajua Kiswahili sanifu na mwenye lahaja ni mimi.

Miguu ndiyo iliyonichosha. Kwato lazima zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane, na fundi wa kwato aliniambia wazi kwamba hamgusi farasi asiyetoa mguu mwenyewe. Ana haki, mguu wa farasi ndiyo maisha yake, ukiushika umemnyima kukimbia. Nilianza kwa kamba laini iliyozungushwa chini ya goti, nimesimama mbali, navuta kidogo, ukwato ukinyanyuka hata kwa kidole kimoja naachia. Ya mbele ilichukua wiki. Ya nyuma ilichukua mwezi na teke moja la paja lililonibadilisha rangi kama jioni ya Shela, kwetu Lamu. Sikumkasirikia. Nilikuwa nimeung'ang'ania mguu kwa sababu ghala lilikuwa limenichosha na nilitaka kumaliza nikalale, naye aliniomba mara mbili kwa kutikisa mkia kabla hajarusha.

Mwaka ulipotimia daktari alikuja. Mtepe alisimama amefungwa hatamu, akapimwa moyo, akanyanyuliwa miguu yote minne, akafunuliwa meno. Daktari aliligusa lile kovu la mguu wa mbele akauliza limetokana na nini. Nikamwambia limetokana na mimi. Akatia saini.

Hati ilipofika niliipiga picha nikamtumia mama, pamoja na maelezo marefu. Hakujibu chochote juu ya hati. Aliuliza lile lile: "Na sasa atabeba nini?"

Basi wiki iliyopita, kwa ajili yake tu, nilishona shogi kwa turubai, maana ukindu sina. Siku tano nilimzoesha nalo tupu, kushoto na kulia, halafu nikamtia mfuko mmoja wa kilo ishirini wa chakula cha kuku kila upande, tukaenda kwa miguu mpaka kwa mzee jirani na kurudi. Alitembea vizuri, sikio moja nyuma, akilisikiliza turubai. Nikarekodi video nikaituma.

Sauti ya mama ilikuja usiku, kwao kumekucha. "Nimemwona punda wako mrefu. Mzigo umelalia kushoto. Na kamba hiyo ya chini ya tumbo, nani amekufundisha kuifunga hivyo? Si babako."

Asubuhi niliitazama tena ile video. Mzigo ulikuwa umelalia kushoto kweli.