Wizara ilipotaka kutuvunja: namna tulivyoulinda uchaguzi wetu

Barua ya wizara ililetwa kwa mkono, Ijumaa alasiri. Aya mbili tu. Ya kwanza ilisema wamepokea malalamiko kuhusu ruzuku ya safari ya timu ya wanawake. Ya pili ilitupa siku ishirini na moja za kujieleza, la sivyo kamati ya utendaji itavunjwa na kamati ya mpito kuteuliwa. Wakati huo nilikuwa katibu mkuu wa shirikisho la taifa la mpira wa wavu, mwaka wangu wa pili. Nilimsainia dereva kitabu chake, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama.

Usiku huo wajumbe wawili walinipigia, kila mmoja kwa wakati wake, na ushauri wao ulikuwa mmoja. "Katibu, waandikie Lausanne. Wakisikia serikali imeingilia watatufungia, na waziri atarudi nyuma mwenyewe." Lausanne, kule Uswisi, ndiko yaliko makao ya shirikisho la kimataifa la mpira wa wavu.

Sheria ilikuwa upande wetu, hilo sikuwa na shaka nalo. Mashirikisho ya kimataifa yanataka chama cha taifa kijiendeshe chenyewe, na kanuni ya 27 ya Mkataba wa Olimpiki inaruhusu kamati ya olimpiki ya nchi kusimamishwa pale kitendo cha serikali kinapoizuia kufanya kazi yake. Barua niliiandika. Saa saba usiku ilikuwa tayari, imebaki kutumwa tu.

Kilichonizuia ni wachezaji. Kenya na Zimbabwe zilifungiwa na FIFA Februari 2022, baada ya serikali kuwaondoa viongozi wa soka. Kenya ilifunguliwa Novemba mwaka huohuo, Zimbabwe ikasubiri hadi Septemba 2023, na zote mbili zilikuwa zimeshatolewa kwenye kinyang'anyiro cha kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023. Viongozi waliendelea na malumbano yao. Vijana ndio waliokaa nyumbani. Nikamkumbuka pia Fehaid Al-Deehani wa Kuwait, mlenga shabaha aliyetwaa dhahabu Rio 2016. Nchi yake ilikuwa imesimamishwa tangu Oktoba 2015, kwa hiyo alipopanda jukwaani ilipandishwa bendera ya Olimpiki na kupigwa wimbo wa Olimpiki. Mtu anafanya mazoezi miaka yote hiyo, anashinda, na wimbo wa kwao hausikiki. Sikutaka kuwa katibu aliyeomba adhabu ya namna hiyo iwaangukie wachezaji wake.

Na upenyo tuliutoa sisi. Katiba yetu inataka uchaguzi kila baada ya miaka minne, nasi tulikuwa tumepitisha miezi saba. Tungesimama vipi kudai uhuru wa wanachama ilhali wanachama wenyewe tumewanyima kura?

Jumatatu nahodha alikuja ofisini akiwa na nguo za mazoezi. Mechi za kufuzu zilikuwa wiki tisa mbele. "Katibu, tusimamishe kambi?" Nikamwambia waendelee. Sikuwa na uhakika wowote, ila sikutaka wasimame.

Siku tatu zilizofuata tulijifungia na mhasibu. Tulimwaga risiti zote juu ya meza ya mikutano, tukazipanga safari moja baada ya nyingine. Tatizo kubwa lilikuwa orodha ya posho: majina kumi na tano, saini kumi na nne. Wa kumi na tano aliumia goti siku moja kabla ya safari. Mhasibu alishikilia kwamba posho yake ilirudishwa benki, lakini kitabuni hapakuwa na kitu. Jioni ya siku ya pili tuliipata karatasi ya benki, imebanwa kwa pini nyuma ya ankara ya basi. Mhasibu aliishika kwa mikono miwili, akakaa chini, akalia.

Kumshawishi mwenyekiti kulikuwa kugumu kuliko risiti. Yeye alitaka uchaguzi usubiri mashindano yaishe. "Mzee," nikamwambia, "tukienda wizarani bila tarehe, hatuna cha kutetea." Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba kalamu, akasaini wito wa mkutano mkuu wa uchaguzi: wiki sita.

Wizarani nilimwekea mkurugenzi mafaili mawili. Nilimwambia, "Mheshimiwa, fedha ni za umma, mleteni mkaguzi hata kesho. Uongozi ni wa wanachama, na tarehe yao hii hapa." Hakuna katiba ya shirikisho niliyowahi kuisoma inayomkataza mkaguzi wa serikali kuhesabu fedha za serikali, na viongozi wanaoutumia uhuru wa michezo kuficha vitabu wanauua uhuru huohuo. Alipouliza kwa nini kamati ya mpito isiendeshe uchaguzi, nilimpa mfano wa India. Agosti 2022 FIFA iliifungia kwa sababu kamati iliyoteuliwa na mahakama ilikuwa imeshika madaraka ya shirikisho. Nia yao ilikuwa kunyoosha mambo, na bado ilihesabiwa ni kuingiliwa. Madaraka yaliporudi kwa shirikisho, adhabu iliondolewa ndani ya siku kumi na moja.

Alitaka afisa wake awe mjumbe wa kamati ya uchaguzi. Hapo nilikataa, kwa heshima lakini bila kuyumba. Tukakubaliana awe mtazamaji, asiye na kura wala saini. Wakaguzi walikaa siku nane, wakakuta dosari mbili za malipo, tukazirekebisha kwa maandishi. Lausanne niliwaandikia, ila barua nyingine kabisa: kuwajulisha tarehe na kuwaomba nao walete mtazamaji. Ile ya usiku wa Ijumaa niliifuta.

Kamati ya mpito haikuteuliwa. Siku ya uchaguzi afisa wa wizara alikaa kiti cha nyuma kuanzia asubuhi hadi kura ya mwisho ilipohesabiwa. Mwenyekiti alishindwa kwa kura nne. Alisimama, akampa mkono mshindi, kisha akamkabidhi funguo za kabati mbele ya wajumbe wote.

Wiki tatu baadaye timu iliondoka. Nahodha alinipigia kutoka uwanja wa ndege kuuliza pampu ya mipira iko kwenye begi la nani.