Kibaba cha Bibi: nilivyopata shukrani nikihudumia wagonjwa Bagamoyo

Kwetu Kakamega, watu wakisikia unaenda umisionari nje ya nchi wanakuuliza mambo mawili: utakula nini, na utarudi lini. Mimi nilivuka mpaka kuja Bagamoyo nikiwa mlei, si mtawa, kusaidia kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Chakula hakikunisumbua, wali wa nazi na samaki mtu huuzoea haraka. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuja na moyo wa kutoa, nikatoa kweli, na furaha niliyoitegemea haikuja. Jioni nilikuwa nikikaa kibarazani nimechoka, nawaza nilivyoviacha nyumbani. Naandika jinsi nilivyotoka hapo kwa ajili ya mwenzangu ambaye sasa anafunga mizigo yake.

Bagamoyo mmisionari hawezi kujiona wa kwanza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika 1868 wakitokea Zanzibar, wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Makaburi ya wamisionari yapo pale pale misheni, na wengi waliolala humo walikufa vijana, kwa malaria na homa nyinginezo. Baada ya misa ya Jumapili nilizoea kupita hapo. Lakini habari iliyonishika zaidi ni ya mnara wa kanisa la zamani, ulipopumzishwa mwili wa David Livingstone Februari 1874. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, wakaubeba mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Anayekumbukwa sana ni aliyebebwa. Mimi kila nikipita pale niliwafikiria wabebaji: walikula nini njiani, nani alimpokea nani mzigo.

Sasa kazi yenyewe. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wazee wenye kisukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu unapata ganzi. Mtu anakanyaga mwiba, kipande cha kombe, au mchanga uliochomwa na jua la saa nane, na hasikii kitu. Anapokuja kugundua, kidonda kimeshachimba. Kwa hiyo ukishapiga hodi, ukatoa shikamoo na kuulizana habari za watoto, za usiku na za mvua (salamu za pwani hazikatwi katikati, hata kama nyumba nyingine zinakusubiri), unakaa chini mkekani na kuupakata mguu. Unatazama katikati ya vidole, unatazama kisigino. Kidonda unakisafisha kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, unafunga shashi safi, unapima sukari na kuandika. Ukiona wekundu unapanda au harufu imebadilika, hakuna mjadala: hospitali siku ile ile.

Bibi mmoja wa Dunda ndiye aliyenigeuza. Mjane, alikuwa akiuza vitumbua mpaka miguu ilipomkatalia. Ni Mwislamu, kama walivyokuwa wengi wa wagonjwa wangu. Aliniita sista tangu siku ya kwanza, baadaye mwanangu, na dini yangu haikuwahi kuwa kikwazo kati yetu.

Ramadhani ilipokaribia, daktari alimkataza kufunga, kwa kuwa yuko kwenye sindano za insulini na sukari ingeweza kushuka ghafla akazimia. Nilimwona akilia. Mimi nimekiosha kile kidonda kikiwa wazi, sikumwona akilia. Mwezi ambao tangu utotoni aliufunga pamoja na watu wote, sasa ataukaa akitazama. Maalimu wa mtaani akaitwa, akamweleza kwa upole kuwa mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona ameruhusiwa, na badala yake atoe fidia: kibaba kimoja cha chakula kwa maskini, kwa kila siku asiyofunga.

Asubuhi ya kwanza ya mfungo nilipomaliza kufunga shashi, Bibi akanyoosha mkono kuelekea pembeni ya kitanda. Palikuwa na mchele uliopimwa, umefungwa kwenye leso.

“Mwanangu, ukitoka hapa upite kwa yule mama mwenye watoto, nyumba ya karibu na kisima. Mpe huu.”

Nikamuuliza nimwambie umetoka kwa nani.

“Mwambie ni haki yake. Na asante zake usiniletee, mimi sizidai.”

Mchele ule mjukuu wake aliununua kwa pesa ya kuendesha bodaboda, na nilijua siku ambazo pesa hiyo ilikuwa ndogo. Nikaubeba. Kesho yake tena, na kesho kutwa, mwezi mzima. Nikirudi swali lilikuwa moja tu: “Ameupokea?” Nikisema ameupokea, uso wake unakunjuka, anaanza kunipa habari za mtaa.

Hapo ndipo nilipoelewa maradhi yalimnyima nini. Kila aliyeingia chumbani mwake aliingia na kitu: mjukuu na maji, jirani na uji, mimi na shashi. Hakuna aliyeingia kuchukua. Mwezi ule mimi nilikuwa miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka nililala nikishukuru bila kujilazimisha. Nilishukuru kwamba kuna mtu aliniamini na haki ya mwenzake.

Tangu hapo nikawa nauliza kila nyumba: “Napita huko mjini, nikubebee nini?” Majibu yalinishangaza. Mzee mmoja wa Kaole, mvuvi wa zamani ambaye mguu ulishakatwa lakini mikono mizima, alitaka nyavu zilizochanika. Vijana wakanipa, akazisuka upya, nikazirudisha. Mama mmoja wa Mlingotini, mkulima wa mwani aliyepigwa na kiharusi, hawezi tena kuingia majini bamvua linapofika na maji kukupwa sana. Tulimwita mkwewe akae karibu naye, akafundishwa kufunga mbegu kwenye kamba na kujua sehemu ambazo maji hayapati joto sana, kwa sababu mwani wa kottoni, wenye bei nzuri zaidi, hufa bahari ikichemka, tofauti na ule wa spinosamu. Maneno ya mama hutoka taratibu. Mkwe anangoja.

Kidonda cha Bibi hakikuisha kwa uzuri wote; kidole kimoja kilikatwa, sehemu ya kidonda iliyobaki ikafunga.

Kwako unayekuja: kituoni utapewa daftari lenye jina, umri, ugonjwa, kipimo cha sukari na tarehe. Chora safu moja zaidi, uandike mgonjwa huyu alikuwa akifanya kazi gani na bado anaweza kumfanyia nani nini. Mimi niliichora kwa rula ukurasa kwa ukurasa, na wenzangu wa zamu nao sasa wanaijaza.